Nilivyotumwa Pate kufuatilia fedha za jabia

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sijui mmebaki wangapi humu.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja anauliza: kwa nini serikali ikimwaga fedha za kuamsha uchumi visiwani, mwisho wake hakionekani kitu? Waliojibu wote walikuwa na neno moja tu. Wizi.

Nikacheka peke yangu. Si kicheko cha furaha.

Mimi niliwahi kutumwa kuzifuata fedha za namna hiyo. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu na siongezi chumvi. Chumvi iliyokuwa kwenye visima vya Pate inatosha. Majina nimebadilisha, na kijiji sikitaji kwa sababu wajukuu wa watu wapo na wanasoma.

Mods, kama hili si jukwaa lake, nihamisheni taratibu. Mzee hasukumwi.

Twende kazi.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado unanukia rangi mpya. Mimi ni mtu wa bara, wa milimani, Mkristo, bahari nilikuwa sijaiona mpaka nilipopata kazi. Wakanitupa Amu, yaani Lamu, ofisi ya maendeleo, karani. Watu wa pale wakaniita Bwana Karani, na jina likanishika kama kupe.

Wakati huo upande wa bara kulikuwa na mambo ya mashifta, wale watu wa bunduki wa msituni. Watu walikuwa wamekimbia mashamba yao na kuhamia visiwani na watoto na mbuzi. Visiwa vikajaa, biashara ikafa, na maji yakawa taabu.

Serikali ikatoa fungu la kuinua uchumi wa visiwa. Kijiji kimoja huko Pate kikachagua kujenga jabia.

Kwa wasiojua: jabia ni birika kubwa la mawe, na mbele yake sakafu pana iliyopigwa chokaa. Mvua inanyesha juu ya sakafu, maji yanateremka birikani, mnakunywa mpaka masika mengine. Hesabu yao ilikuwa nzuri. Wavunja mawe wapate ujira, mafundi wapate ujira, na maji baridi, yasiyo na chumvi, yakipatikana akina mama waache kushinda njiani na ndoo, wafanye biashara zao.

Nani angekataa mpango kama huo? Hata mimi niliupenda.

Fungu la kwanza likatoka. Miezi ikapita. Jabia halijaisha.

Siku moja boss wangu, naye mtu wa bara, akaniita. Akasema fungu la pili liko tayari, ila halitoki mpaka ijulikane la kwanza limekwenda wapi. Na masika yakifika bila majibu, fedha zinarudi zilikotoka.

"Nenda," akaniambia. "Fuata kila shilingi mpaka uione ilipolala."

Wakuu, nilikuwa kijana. Nikaona nimekuwa askari kanzu. Nilipanda boti ya ofisi nikiwa nimeshamkamata mwizi kichwani, bado jina lake tu.

Sasa jambo moja kuhusu kule. Boti haifiki kijijini ovyo ovyo. Inaingia maji yakijaa, na yakitoka inakaa kwenye tope mpaka yajae tena. Ukifika asubuhi, utake usitake, chakula cha mchana ni pale. Athman, nahodha wetu, alikuwa akitandika mkeka wake ndani ya boti na kulala bila hata kuuliza tutarudi lini.

Nikapokewa na Bwana Shee, mkuu wa kamati ya kijiji. Mtu mzima, kanzu safi, sauti ya chini. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya fedha za jabia.

"Kwanda ule, Bwana," akasema. "Mtu mwenye ndaa hasemezwi mambo ya nti." (Ndaa ni njaa, nti ni nchi; ndivyo wasemavyo kule.)

Nikaletewa birika la kunawa. Likaja sinia la pilau, mbuzi mzima kachinjwa kwa ajili yangu na nahodha. Ikaja haluwa, ikaja kahawa ya tangawizi, ukaja ubani. Mimi kwetu nilizoea viazi na maharagwe. Nikala mpaka aibu ikaondoka yenyewe.

Baada ya hapo ndipo nikapelekwa kuliona jabia.

Kuta zilikuwa zimefika magotini. Kazi nzuri, mawe yamenyooka. Ila hakukuwa na fundi, hakukuwa na kelele ya nyundo, na kuku walikuwa wakitembea ndani.

Pembeni amekaa mama mmoja, Bi Mwanaidi, mjane. Huyu ndiye aliyetoa mawe. Nyumba ya marehemu mumewe ilikuwa imeanguka, imebaki gofu, akasema chukueni mawe yote mjengee. Sharti lake lilikuwa moja: maji yakipatikana, achote wa kwanza. Alikuwa akipika mikate ya mofa ya kuuza, na kwa maji ya chumvi mikate ile ilikuwa hailiki. Goti lake lilikuwa bovu, na kisima chenye maji ya maana kilikuwa mbali sana.

Aliniuliza swali moja tu. "Mai yatakuya kabla ya mvua kupita, Bwana Karani?"

Nikamwambia ndiyo maana nimekuja.

Nikaanza kazi yangu. Nikauliza chokaa: ilinunuliwa, ninaiona. Nikauliza ujira wa wavunja mawe: walilipwa, wenyewe wakakiri. Mafundi walilipwa vizuri mwanzoni, halafu wakaambiwa mfuko umekauka.

Umekaukaje? Hapo ndipo nilipokuwa nikipangoja. Nikamkazia macho Bwana Shee.

Hakutikisika. Akanijibu kama mtu anayetaja bei ya sukari.

"Ni ya wageni."

Wageni gani?

Akaanza kuwataja. Alikuja bwana wa maji kupima ardhi, na watu wake. Akaja bwana wa afya. Akaja bwana wa ushirika, akarudi tena kwa sababu mara ya kwanza alisahau kitu. Wakaja wakaguzi kutoka Mombasa. Akaja boss wangu mwenyewe, Jumapili, na mkewe na rafiki zake, wakaondoka na samaki wakavu na kuku wa kufuga. Kila aliyekuja alikuja kuangalia kama fedha zinatumika vizuri. Kila aliyekuja maji yalitoka, boti ikakwama, akakaa. Na kila aliyekaa alichinjiwa.

"Kwa fedha za jabia?" nikauliza.

Mzee akanishangaa kweli kweli. "Fedha ni za serikali, na wageni ni wa serikali. Tungewalisha kwa kitu gani, Bwana? Kwa mai ya kisima? Nti hii haijapata kumrudisha mgeni na ndaa."

Kwake haikuwa siri wala dhambi. Nyumba moja imempa fedha, nyumba hiyo hiyo imemletea wageni, ameona haya ni mambo ya nyumba moja. Nami nimekaa mbele yake nimeshiba, bado nanukia ubani wake.

Nikamuuliza mbuzi wa leo ametoka wapi. Akasema zilikuwa zimebaki fedha za siku chache za fundi.

Nilichoka, wakuu. Si uchovu wa boti. Nilichoka ndani.

Nikarudi Amu nikaandika report. Ukweli wote, adabu kidogo. Nikapendekeza fungu la pili litoke haraka, na mtu wa ofisini asikanyage kule mpaka jabia lipigwe chokaa.

Boss akaisoma. Alipofika mahali pa Jumapili yake alikohoa. Akasema, "Report nzuri. Lakini hili ni jambo zito. Lazima iende kamati ikathibitishe."

Kamati! Mabwana watano na makarani wao.

(Mnaonisoma mkiwa maofisini, najua mnatabasamu. Endeleeni tu.)

Kusema kweli nilitamani kulia. Nikamfuata Athman bandarini, alikuwa anakwenda Faza, kisiwa kile kile cha Pate, siku ile. Nikamwambia apite kijijini, amwambie Bwana Shee kwa jina langu: kamati inakuja, MSIPIKE. Hata chai. Sisi tutakuja na mikate yetu.

Athman alinitazama akatingisha kichwa. Kisha akang'oa nanga.

Siku ya kamati tukaenda. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa kusini, kila mtu anajua masika yako mlangoni. Tulipokaribia ufukwe, kabla sijaona mtu, nikasikia harufu ya pilau.

Wamechinja ng'ombe.

Nikamvuta Bwana Shee pembeni. Hukupata salamu zangu? Akasema alizipata, akafurahi sana. "Mgeni akisema msipike, huyo ni mgeni mwenye haya. Mwenye haya ndiye wa kutukuzwa."

Kamati ikala. Mwenyekiti wetu akasifu nyama mara mbili. Maji yakatoka, boti ikakaa kwenye tope, ubani ukapita. Ndipo wakasema haya, twende tulione hilo jabia.

Tukaenda.

Hakukuwa na jabia. Palikuwa na mtaro wa msingi, vumbi la chokaa, na alama za kwato za punda. Chokaa ilikuwa bado changa, mawe yaling'oka kwa mtaimbo bila shida. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akijenga duka Faza, akayanunua yote. Mawe yale ndiyo ng'ombe tuliyemla.

Mwenyekiti akazunguka mtaro ule, akifuta mikono kwa leso. Akasema, "Hapa hakuna kazi yoyote iliyofanyika." Karani wake akaandika hivyo hivyo. Na kwa macho yake hakusema uongo.

Mimi nikamtafuta Bi Mwanaidi. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya Shee anaosha masinia na wanawake wenzake. Nikamuuliza, mama, umekubalije mawe yako yauzwe?

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nimesema mimi," akanijibu. "Bwana Shee alikataa, mimi nikamwambia uza. Ni wakubwa wa serikali wanakuya. Wakila wakashiba, roho zao zitapoa, watatupa kilosalia, tutajenga upya. Mumeshiba lakini?"

Nikamwambia tumeshiba, mama.

"Alhamdulillahi," akasema. Akarudi kwenye masinia.

Fungu la pili likarudi lilikotoka. Masika yale yalikuwa makubwa. Nilikuwa nakaa dirishani pa ofisi Amu natazama maji yakitoka kwenye mapaa na kuingia baharini, siku baada ya siku, na niliumia nisiwe na wa kumwambia. Kabla ya mwaka kuisha nikahamishwa bara. Sikurudi tena Pate, na sikuthubutu kuuliza.

Basi, kijana uliyeuliza, wezi wapo, sikatai. Nimewaona wengine baadaye, na wana majumba. Lakini kwenye hadithi yangu hakuna mtu aliyetia senti mfukoni. Ziliisha njiani, tukizitafuta. Ukipewa kazi ya kufuatilia fedha za watu, kabla hujapanda chombo uliza nani analipa safari yako, na nani atakulisha ukifika.

Najua humu wamo maofisa, wakaguzi, watu wa miradi na kamati za kila namna. Msinitukane, nijibuni tu kwa ukweli.

Nyinyi mlipokwenda kukagua, mlipikiwa nini?