Chuya Ziko Huku

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata huko herufi l na r zilinisumbua, hivyo mkikuta "kura" wakati habari ni ya chakula, mjue nilitaka kusema "kula". Pia naandika polepole sana. Faida yake ni moja: mkono ulioshika kalamu haubandui kitu.

Ndiyo, mimi ni mtu wa kujibandua. Kipele, gamba la kidonda, kingozi cha pembeni ya ukucha, chochote kilichoinuka kidogo, vidole vyangu hukijua kabla ya macho. Wala hakiwashi. Vidole tu havitulii mpaka pawe laini, na hapawi laini, panatoka damu. Kwetu Kihesa watu hawakujua, kwa sababu Iringa kuna baridi na sweta la mikono mirefu halimshangazi mtu.

Siri iliharibikia Rujewa. Dada yangu aliyeolewa huko alijifungua mtoto wa kwanza, mama akanituma nikamsaidie kufua na kupika. Nilifika mchana na sweta langu, jasho limelowesha mgongo wote. Mama mkwe wa dada alinipokea uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua hilo sweta, utaiva. Hapa si Iringa."

Nikavua. Akaitazama mikono yangu, wa kulia, wa kushoto.

"Umeumwa na nini?"

"Mbu," nikasema.

"Mbu wa Iringa wana meno?"

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mwenye vidonda hambebi mtoto mchanga, vikauke kwanza. Nami njia nzima nilikuwa nimejizoeza kushika shingo ya mtoto kwa kutumia mkoba wangu! Kwa mtoto yule mimi ni mama mdogo. Nikawa mama mdogo wa kumwangalia mwanangu kutoka mlangoni.

Vikauke. Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi ya siku chache. Kwangu, kidonda kikishakauka ndipo kinapoanza kuniita. Kila asubuhi yule mama alinikagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha, na kila asubuhi alikuta pabichi. Siku ya nne dada alichoka, akasema akiwa kitandani:

"Mama, si mbu. Anajibandua mwenyewe, tangu mdogo."

Nilitamani kuingia kwenye gunia nifungwe kamba. Lakini yule mama alionekana kutulia, kwamba si ugonjwa wa kuambukiza.

"Kumbe! Basi hiyo ni mikono inayotafuta kazi. Tuitafutie."

Nyumba nzima ikaanza kutafuta. Dada alinivalisha soksi za mumewe mikononi, lakini nepi hazifuliki kwa soksi. Tukajaribu kupaka mafuta mengi ili vidole viteleze. Viliteleza kweli, na sufuria ya uji ikateleza navyo. Shemeji, ambaye anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliniazima simu yake yenye mchezo wa kupanga matofali. Nilicheza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki bure, ukapanda taratibu mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo yule mama akaniwekea ungo mapajani. Alikuwa anauza mchele sokoni, na kabla ya kuuza alichambua mawe na chuya, zile punje zilizopita kwenye mashine bila kuvuliwa ganda.

Sijui nielezeje furaha ya vidole vyangu siku ile. Kitu kidogo, kigumu, kimekaa pasipo pake, unakitoa na hakuna anayeumia! Nilitoa chuya, nikatoa vijiwe vyeupe ambavyo hata mama mwenyewe alikuwa anavipita. Ndoo nzima ya mchele iliisha.

"Huyu ana macho ya kuku," alisema.

Shemeji akadakia, "Shemeji yangu, kama unachagua mchele hivi, mume utampata lini?"

Mimi ni mtu wa aibu. Nikainama, na kwa kuwa ungo ulikuwa mtupu, mkono ukarudi kwenye kiwiko. Mama aliuondoa, akaupeleka kwenye ndoo ya pili.

"Kwenye ngozi yako hakuna chuya, mwanangu. Chuya ziko huku."

Neno hilo likawa wimbo wa nyumba. Mkono ukipanda tu, dada anaita kutoka chumbani, "Chuya!" Shemeji aliniita hivyo hata dukani mbele za watu, muuza duka akadhani ndilo jina langu, akawa ananisalimia, "Dada Chuya, habari za asubuhi?" Niliitikia. Ningefanyaje?

Sitaki kuwadanganya kwamba niliacha. Mchele ukiisha nilianza tena, na siku mbili niliharibu sehemu iliyokwisha kupona. Lakini ndoo zilikuwa nyingi kuliko vidonda. Asubuhi moja mama alinikagua, akakuta makovu tu na gamba moja dogo karibu na kiwiko. Nikajua nimekosa tena.

"Hilo liache. Litaanguka lenyewe," alisema, akaniletea mtoto.

Alikuwa mzito kuliko mkoba. Nilishika shingo vizuri. Kisha nikamtazama kichwani, na pale utosini, katikati ya vinywele, palikuwa na magamba laini ya njano, kama wanayopata watoto wachanga. Moja lilikuwa limeinuka pembeni.

Vidole vyangu vikaliona. Mama alikuwa ameshageuka, dada amesinzia, hakuna wa kuniita. Nikajisemea kwa sauti ndogo, "Chuya." Badala ya kugusa kichwa nikampa mtoto kidole. Akakikamata, akakibana kwa nguvu zake zote, na hakukiachia mpaka alipolala.

Sasa nimerudi Kihesa. Baridi iko palepale, ila mikono ya sweta naikunja. Majirani wananiletea maharage niwachambulie, na siku ambayo hawaleti ndiyo siku ngumu. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma: mikono yako unaipa nini ungo ukiwa mtupu? Niandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, nikiwa nimeishika barua kwa mikono yote miwili.