Bibi Aliponipa Pole ya Mawazo

Mwalimu wetu wa ufinyanzi alifunua kurasa nne tu za daftari langu la utafiti, akalifunga. "Hivi vyote nimeshaviona kwenye simu," akasema. Alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilikasirika. Nilikuwa nimechora vasi za Kijapani nilizozikuta mtandaoni, nikabadilisha rangi, basi. Akanipa wiki moja nilete wazo langu mwenyewe la kazi ya mwisho, la sivyo ningerudia mwaka.

Nilirudi nyumbani Bagara nimenuna. Mama alinivumilia jioni moja tu. Asubuhi akaniambia nimwondolee ile sura, niende kijiji cha Bonga kwa bibi mmoja anayefinyanga vyungu vya kuuza mnadani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi juu ya gunia, udongo umemfika viwikoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu. Kwema?"

Nami, kwa Kiswahili changu cha chuo, nikajibu, "Kwema, bibi. Nasomea ufinyanzi, ila nina shida ya mawazo."

Akaacha kazi. "Pole jamani! Yamekuanza lini?"

"Wiki hii. Mwalimu amenituma nikayatafute."

"Hee! Mwalimu gani huyo anamtuma mtoto wa watu akatafute mawazo? Mimi mwenyewe nimejaa nayo, tena bure!"

Nilicheka, nikajaribu kumweleza kwamba si mawazo ya kunyima usingizi, ni mawazo ya kubuni kitu. Hakunielewa, au hakutaka. Alinisogezea bonge la udongo, akasema nikande, mtu mwenye mawazo asikae mikono mitupu. Nikakanda. Haikupita muda machozi yakaanza kunitoka, maana kumbe bibi wa watu hakuwa amekosea sana. Niliogopa kwamba sina kipaji chochote, na kwamba mwalimu ameliona hilo kabla yangu.

Hakunibembeleza. Aliingia ndani akatoka na vyungu viwili ambavyo kwa macho vilikuwa sawa kabisa. "Beba," akasema. Cha kwanza kilikuwa kizito ajabu. Alikifinyanga mwezi aliomzika mume wake. "Mkono uligoma kupunguza udongo," akasema. "Nani atanunua hicho? Kikijaa maji hakibebeki." Cha pili kilikuwa chepesi. Alikifinyanga alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza.

Nilivibeba tena na tena, kimoja huku kingine huku. Nikamwuliza kama naweza kurudi kesho.

"Njoo. Ila udongo unatwanga mwenyewe."

Nilikwenda siku tano. Kila siku nilifinyanga bakuli moja, umbo lile lile, bila kupima udongo. Likianza kukauka nalikata katikati kwa uzi wa nailoni, napima unene wa ukuta kwa rula, naandika daftarini unene huo na jinsi siku yangu ilivyokuwa. Mara ya kwanza bibi aliponiona nakata bakuli zima alishika kichwa. "Kumbe mnasomea kuharibu!" Kila jirani aliyepita aliitwa aje kushuhudia.

Jumatatu, mezani kwa mwalimu, nilifungua kanga ya mama niliyofungia vipande vya mabakuli, nikavipanga kwa siku zake. Nilimweleza nilichofanya. Alipitisha kidole kwenye ukuta wa kila bakuli, taratibu, hadi akafika la siku ya tatu, lililokuwa nene kuliko yote. Akaliinua, akasoma daftari. Nilikuwa nimeandika: *Nimechoka.*

"Umechoka tu?" akauliza. "Siku zote tano ulitwanga udongo. Hii ilikuwaje?"

Nilitamani kumjibu vibaya. Badala yake nikafungua begi, nikatoa bahasha. "Siku hiyo niliamka nikaandika barua ya kuacha chuo. Hata mama hajui. Nimekuja nayo leo, ukikataa tu nikukabidhi."

Alinitazama, kisha akalitazama bakuli lililokuwa mkononi mwake. Bahasha hakuigusa. Akakata kwa kalamu lile neno nililoandika, akanisukumia daftari.

"Andika ukweli hapa," akasema, "halafu uanze kazi."

Nikaandika nimesimama.