Pilau ya Haidrojeni

Mwaka huu niliposhuka Mambrui kwa likizo, nilikuta masufuria ya pilau uani na majirani wamejaa barazani. Nikadhani pana harusi. Kumbe ni dua ya shukrani, na shukrani zenyewe ni kwa ajili yangu.

Baba yangu, mshona kofia, alikuwa amesikia redioni kwamba kuzunguka galaksi kuna gesi ya haidrojeni, nyembamba mno, tena nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Kazi yangu Nairobi ni kutafuta maada ya giza, ule uzito usioonekana unaozishika nyota za galaksi zisitawanyike. Baba akajumlisha mwenyewe: kilichopotea kimepatikana, kazi ya binti imekwisha, anarudi nyumbani. Akaalika watu bila hata kunipigia simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Chumba chako nimekipaka chokaa."

Nikalitua begi langu barazani.

Wageni alikwisha kuwasomesha. Ukifukiza udi chumbani, aliwaambia, moshi ukishatawanyika huuoni, lakini upo kila pembe. Basi gesi ndiyo hiyo. Wote wakaafiki, maana pilau ilikuwa ikinukia na nani abishane na mwenye sufuria.

Mimi ubishi nimeurithi kwake. Tulipobaki wawili nikamwambia mfano ni mzuri, ila hesabu haifiki. Gesi hiyo huenda ikaziba pengo la maada ya kawaida iliyokuwa haijulikani ilipo, ile iliyofanya nyota na pilau. Ya giza ni nyingi kuliko hiyo mara kadhaa.

"Kusanya moshi wote wa udi wa Mambrui, Baba, haufikii uzito wa kabati lako."

Akakwangua ukoko wa sufuria.

"Kwa hivyo bado mnatafuta."

"Bado."

"Na mkiipata, utarudi?"

"Inshallah."

Akacheka. "Inshallah hiyo naijua. Ndiyo ninayowapa wateja wa kofia."

Nami nikacheka, ingawa iliniuma. Tangu mama afariki anakula peke yake, na hajapata kulalamika hata siku moja.

"Sasa watu nitawaambia nini?" akauliza.

"Waambie gesi haikutosha."

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai ndani niliposikia jirani akimuuliza nimerudi moja kwa moja au vipi. Baba akajibu kwa sauti ya mtaalamu kabisa.

"Gesi haikutosha," akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini chumba kipo."