Vipande Vifupi vya Rangi

Mgeni alishuka kwenye kivuko upande wa Sengerema, na mvua ikamsukumia ndani ya darasa la chekechea. Mwalimu, kucha zimejaa rangi, alikuwa akivunja kalamu mpya za nta za kuchorea, moja baada ya nyingine, ziwe fupi kama karanga. "Ndefu watoto wanaishika kwa ngumi," alimweleza mgeni. "Fupi inataka vidole vitatu."

Mwenye shule akasimama mlangoni. "Mwalimu, wazazi wamechoka na michoro. Leo waandike herufi, au uondoke." "Waandike kwa vidole gani, mzee?" Mwalimu akamwita Kashindye, aliyeanza shule akiwa hawezi kufunga kifungo. Mtoto akafunga vifungo vyote vya shati kwa vidole vitatu vilevile, mzee akitazama. "Nimesema herufi." Mwalimu akachukua mkoba. "Haya, wafundishe. Kalamu ndefu nimezivunja zote." Akatoka mvuani. Mgeni akabaki na mzee, na watoto wakaendelea kuchora kwa vidole vitatu.