Watu Kumi na Mmoja Walimwona Kunguru Wangu

Kunguru aliniibia sabuni asubuhi moja nikiwa nyuma ya nyumba, nimejifunga taulo, uso wote povu. Aliinyakua kutoka kwenye ukingo wa ndoo, akaruka nayo mpaka juu ya jabali, akaidonoa mara moja, akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu feki. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikageuka kumwambia mke wangu, na mke wangu alikuwa na mwaka na nusu kaburini.

Sijui kama wengine wanaishi hivyo, lakini katika ndoa yetu ya miaka arobaini hatukuzungumza mambo makubwa mengi. Mimi nilimwambia mbuzi wa jirani kapanda juu ya paa la choo. Yeye aliniambia dagaa wa leo wana mchanga. Siku ikiisha, kila mmoja alikuwa ameona kwa macho manne. Sasa nilikuwa na kunguru mzima, na sabuni mdomoni mwake, na hakuna wa kumpelekea.

Basi nikampiga picha, nikaandika chini yake kwamba kaniacha na povu usoni, nikaiweka stetasi.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Namna ya kuweka nilifundishwa na jirani yangu, mama anayeuza dagaa hapa Mkolani, ambaye kila asubuhi huwatangazia wateja kwamba mzigo umefika. Siku aliyonifundisha nilimwambia wazi kwamba stetasi ni mambo ya watu wasio na kazi. Alinijibu, "Na wewe mstaafu una kazi gani, mzee wangu?"

Nilipomaliza kuoga, kwa maji matupu, simu ikanionyesha kijicho kidogo na namba pembeni yake. Watu watatu. Nilipokunywa chai, saba. Kufikia saa sita mchana walikuwa kumi na mmoja, na jirani akapiga kelele juu ya uzio:

"Mzee! Kunguru wako amefika Butimba! Dada yangu anauliza, povu ulilitoa kwa kutumia nini?"

Nikabonyeza kile kijicho nione ni nani hao waliomtazama kunguru wangu. Jina la tisa lilikuwa la binti yangu.

Hapa lazima niseme kosa langu, na nitalisema lote. Wiki tatu baada ya kumzika mama yake, kabla hatujamaliza matanga, binti yangu aliweka picha akiwa ufukweni, sahani ya sato mbele yake, anacheka. Chini aliandika, "Leo nimecheka." Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, najua kupanga maneno, na siku ile niliyapanga vizuri ili yaumize. Nikayaandika kwenye grupu la ukoo, wanakosoma shangazi, wajomba na watoto wao mpaka Shinyanga: kwamba udongo wa mama yake bado mbichi, naye anachekea samaki, kwamba hana haya, kwamba sikulea mtu wa namna hiyo. Baadhi ya wazee walinipongeza. Kisha simu iliandika kwamba binti yangu ametoka kwenye grupu. Akaacha kupokea simu zangu, na stetasi zake, ambazo zamani niliziona kila siku na kuzisengenya, zikatoweka machoni pangu.

Lakini hakuwa amefuta namba yangu. Jirani alinieleza: asingekuwa nayo, asingemwona kunguru. Nilisimama pale kwenye uzio nikihisi magoti yangu yamekuwa ya kijana.

Tangu hapo nikawa mtu wa stetasi. Niliweka kobe aliyelala kwenye kiatu changu. Niliweka papai lililofanana na mwenyekiti wetu wa mtaa, bila kutaja jina, na watu wote walimtambua. Niliweka habari ya bomba kila maji yalipotoka, na kina mama wa mtaa huu walianza kunitegemea. Nikiwahi kuandika "yametoka", unasikia ndoo zinagongana mtaa mzima. Nilipougua malaria nikakaa siku mbili bila kuweka kitu, watu wanne walikuja kugonga mlango. Mmoja alikuja na uji. Miaka yote niliyojificha nikijiita mtu makini, hakuna aliyewahi kuniletea uji.

Na kila siku, kama saa kumi na mbili na robo asubuhi, binti yangu aliangalia. Mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja kutafuta cha kumwonyesha.

Kisha nikatengeneza matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Mke wangu aliyatengeneza kila msimu wa viazi, nami niliyala kila msimu wa viazi, kwa hiyo nilidhani ninayajua. Nilimenya viazi vitamu, nikavikata vipande vyembamba, nikavitandaza juu ya jabali lenye jua kali. Nikapiga picha kutoka pande tatu, nikaandika kwa fahari: "Matobolwa ya mzee, mke wangu angefurahi."

Kabla chai haijapoa, ujumbe ukaingia. Ulikuwa wa binti yangu, wa kwanza tangu siku ile ya grupu.

"Hiyo ni michembe. Matobolwa yanachemshwa kwanza."

Nilikimbia. Nina miaka sabini na mmoja na nilikimbia mpaka kwa jirani, kandambili moja ikabaki njiani.

"Ameandika! Soma! Ameandika!"

Jirani akafuta mikono kwenye kanga, akasoma, akaanza kucheka kabla hajamaliza.

"Mzee, miaka arobaini unakula, hujui kama vinachemshwa?"

"Achana na viazi. Ameandika!"

"Hajakusalimu."

"Lakini amenisahihisha! Mtu asiyekutaka hakusahihishi."

Akanirudishia simu. Alikuwa ameacha kucheka. "Ulimtukana mbele ya watu wangapi?"

"Ukoo wote."

"Na msamaha unamwomba wapi? Kwa picha za kobe?"

Nilirudi nikaiokota kandambili, nikakaa barazani. Alikuwa amesema kweli. Nilitaka binti yangu anirudie kimya kimya, huku matusi yangu yakiwa bado yametundikwa pale ukoo mzima unapoyaona.

Nikafungua grupu. Ilinichukua mpaka mchana, maana kila sentensi niliyoandika ilianza na "lakini". Nilizifuta zote. Iliyobaki ilisema: "Ndugu zangu, humu ndani nilimtukana binti yangu kwa sababu alicheka. Nilikosea. Alikuwa amefiwa kama mimi, na siku aliyocheka alitaka mtu amwone. Mimi nimelijua hilo kwa kuchelewa, baada ya kucheka peke yangu. Naomba msamaha kwake, na kwenu mliosoma."

Kaka yangu mkubwa alijibu kwanza: "Mzazi hamwombi mtoto msamaha. Unatuaibisha."

Nikamjibu, "Shikamoo kaka. Aibu hii ni yangu, siigawi."

Shangazi mmoja akaweka vikaragosi vya kulia, sijui vya huzuni au vya kicheko. Kwa kuwa binti yangu hakuwemo mle, nilipiga skrinishoti ya maneno yangu, jibu la kaka likiwemo, nikaiweka stetasi. Watu wote wanaonifuata kwa ajili ya habari za bomba waliisoma. Siku ile hakuna aliyeniuliza kuhusu maji.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na robo, binti yangu aliona. Saa kumi na mbili na dakika ishirini simu iliita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake nilisikia vyombo vinagongana na mtu anaita wagonjwa; binti yangu ni muuguzi, kule Bukoba.

"Kwenye lile grupu sirudi," alisema.

"Usirudi."

"Baba mkubwa atanuna mpaka Krismasi."

"Atanuna mpaka Pasaka. Namjua."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kama anajaribu kukizuia, nami nikabana simu sikioni ili kisipotee hata kidogo.

"Picha zako uziweke kabla ya saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Nikiingia wodini simu inabaki kabatini. Jana nilimsimulia mgonjwa habari za papai, akacheka nusura nyuzi za kidonda chake zikatike."

Alikata simu akaenda kazini. Nilibaki nimekaa kitandani, sijui nianze na kipi, kuoga au kuimba. Kisha kwenye simu, juu kabisa, nikaona duara la kijani likizunguka picha ya binti yangu. Nikabonyeza. Kikombe cha chai ya rangi, chapati mbili, moja imeumwa pembeni. Hakuandika kitu.

Niliitazama mara nane. Jirani anasema mwenye stetasi hawezi kujua umetazama mara ngapi, nami nimefurahi, maana hadi adhuhuri zilikuwa zimefika kumi na tano.