Bibi Mitambo na Kompyuta ya Mhasibu

Mtaani walimwita Bibi Mitambo, na jina lile hakulikubali wala hakulikataa. Ukimwita hivyo anaitika, lakini anaitika kwa jicho la pembeni, ujue kwamba amekusikia na amekuweka kwenye orodha.

Alikuwa na kompyuta kumi na moja. Si hizi nyembamba za kufungua na kufunika kama daftari, la. Zake ni zile za zamani, zenye kioo kilichotuna mgongo kama mtu aliyebeba gunia, na chini yake sanduku la chuma ambalo likikuangukia mguuni unaondoka na kidole pungufu. Zilikaa chumba cha nyuma, juu ya mbao zilizolazwa kwenye matofali, kila moja imefunikwa kipande cha shuka alichokikata na kukipiga upindo kwa mkono wake. Nne zilikuwa zinawaka. Moja ilikuwa na kituko chake: ukiiwasha bila kibodi inaandika kwenye kioo kwamba haioni kibodi, kwa hiyo bonyeza kitufe uendelee. Mkwe wake, fundi wa redio, alipomsomea maneno yale, bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hiyo sasa ndiyo ofisi ninayoijua mimi," alisema.

Kusoma kwake kulikuwa kwa kuvizia. Herufi kubwa alizipata, ndogo zilimponyoka, na mwandiko wa mkono aliuona kama kuku amepita na miguu yenye tope. Lakini kompyuta hakuzijua kwa maandishi. Miaka ishirini na minane alikuwa mfagizi wa ofisi moja ya ghorofa tatu, na kila asubuhi, wenye vyeo hawajafika, alizipangusa moja moja kwa kitambaa kikavu. Alijua ipi inavuta vumbi mbele na ipi inalivuta kwa nyuma, ipi feni yake imechoka, ipi mwenyewe anakulia karanga juu yake.

Na mojawapo ndiyo iliyomharibia jina.

Ilikuwa kompyuta ya mhasibu. Asubuhi moja ilikataa kuwaka. Bibi alikuwa koridoni na ndoo yake, mlango uko nusu wazi, akaona kwa macho yake mawili: kikombe kimelala ubavu juu ya sanduku, chai inashuka kwenye matundu ya hewa, mhasibu anafuta kwa leso huku shingo ameigeuzia mlangoni. Adhuhuri haijafika, ikawa imeshaandikwa kwamba mfagizi amepangusa mashine kwa kitambaa kibichi akaiua. Aliitwa, akaonyeshwa pa kutia sahihi, akatia. Alidhani ni karatasi ya kupokea sabuni.

Yaliyomo aliyajulia kwenye chumba cha chakula. Dereva wa ofisi aliichukua nakala ya barua ile mkononi mwake, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, anaweka vituo kama mtangazaji: "Uzembe. Uliokithiri." Watu mbavu hawana. Tangu siku ile akawa Mama Maji. Alijitetea? Alijitetea sana. Lakini mfagizi na mhasibu wakisimama mbele ya mkubwa, nani atasikilizwa? Alimaliza miaka kumi na mmoja mingine pale, kichwa juu, na hakumsalimia tena mhasibu hata kwa bahati mbaya.

Basi alipostaafu, na ofisi ikauza mashine zake kuukuu kwa mkupuo, akaanza kulitafuta sanduku lile. Angelijua popote. Kona ya kushoto lina kovu la sigara lenye umbo la harage, na ubavuni limepigwa rangi nyeupe namba kumi na nne. Alitaka kitu kimoja tu: lifunguliwe, watu waone ndani kuna nini. Maji hukauka yakaenda zake. Chai ya sukari haiendi popote.

Katika kulitafuta hilo, akaokota mengine. La kwanza alilinunua kwa kuwa alilifananisha. La pili lilikuwa limenyeshewa, akalionea huruma. Alipofika la tano hakuwa na sababu tena, alipenda tu.

"Mama, si ulisema unatafuta moja?" binti yake aliuliza siku alipokosa pa kuweka godoro la wageni.

"Naitafuta bado."

"Na hizi kumi na moja?"

"Hizi zinanisindikiza."

Pensheni yake ilikuwa ndogo, ya kupakata, si ya kutembea nayo, kwa hiyo alikuwa na njia yake. Jumanne alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu, maana Jumatatu ndipo magari yalipomwaga takataka za maofisi. Akiona anachokitaka, hakitazami. Anashika feni mbovu, anauliza bei ya feni. Halafu, kama mtu anayepita njia, anakitukana kile anachokitaka. Anakitukana kwelikweli. Kisha anakwenda zake. Alhamisi anarudi, anakitukana tena kidogo, na mwenye uwanja naye anajibu matusi, na mwishoni kinashuka mpaka bei ya kilo za bati. Mzee mwenye uwanja aliujua mchezo ule, na aliupenda. Kuna kioo kimoja walikibishania wiki tatu, na wote wawili walikuwa wakivaa vizuri siku hizo.

Lakini mzee yule alikuwa ameugua mgongo, na uwanja ameuachia mpwa wake, mwanaume wa makamo mwenye upara, aliyetembea na sumaku imefungwa kamba akiigusisha kwenye kila chuma. Walimwita Sumaku. Mtu mpole, mgeni wa biashara ile, anayeshukuru akielekezwa.

Jumanne moja, nyuma ya majokofu mawili, bibi aliliona. Kovu la harage. Kumi na nne.

Miaka tisa ya kutafuta! Akajikaza kisabuni, akaokota feni.

"Hii unauzaje, mwanangu?"

"Hiyo haina mota, bibi."

"Naona. Na hilo jeneza la panya hapo nyuma unaliweka la nini?"

Sumaku akageuka. "Lipi? Kompyuta hii?"

"Ati kompyuta! Limeliwa na kutu tumboni, hilo. Hata kuku ukimpa atagie atakuhama. Livunje upate hiyo shaba kidogo, usiwe unakwaza wateja miguu."

Akaondoka bila kugeuka nyuma, na kule kutogeuka kulimgharimu kuliko kitu chochote alichowahi kununua. Jumatano alifagia chumba cha nyuma mara mbili, akasogeza mashine kumi na moja upande, akaacha nafasi katikati.

Alhamisi asubuhi alifika kabla geti halijafunguliwa lote.

"Shikamoo, bibi!" Sumaku alimpokea, uso unang'aa. "Nilikuwa nakuombea uje. Lile jeneza lako nimelivunja jana kama ulivyosema. Nimepata shaba, ya kweli kabisa. Mjomba aliniambia, huyu bibi akikwambia kitu kuhusu mashine, msikilize."

Bibi hakuitika marahaba. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi.

"Umelivunja."

"Lote. Bati lile pale, kioo nimekitupa, na zile mbao za kijani za ndani, zenye vidude vya umeme, nimezitia kwenye magunia na nyingine. Mnunuzi wake anapita saa sita." Akamtazama vizuri. "Bibi, jua limekupiga? Nikuletee maji?"

"Usinitajie maji!"

Sumaku akarudi hatua moja. Kuna neno moja ambalo bibi, miaka tisa katika viwanja vile, hakuwahi kulisema, kwa sababu siku utakayolisema ndiyo siku muuzaji anakupandia mgongoni. Na sasa lilikuwa ama neno lile, ama gunia liondoke saa sita.

"Nalitaka," alisema.

"Unataka nini, bibi?"

"Hilo jeneza! Nalitaka. Nililitaka tangu Jumanne. Nalitafuta tangu mwanangu hajaolewa. Ule ubao wake wa kijani, nautaka huo, niletee magunia yako hapa."

"Lakini ulisema hata kuku..."

"Nilikuwa nanunua, mwanangu! Hivyo ndivyo watu wanavyonunua! Mjomba wako hakukufundisha kitu?"

Walimwaga magunia matatu juu ya turubai. Mbao zilikuwa zaidi ya mia, zote za kijani, zote zina vumbi, zinafanana kama sahani za hotelini. Sumaku alishika kichwa. "Hapa hata aliyezitengeneza hawezi kuutambua wako."

"Kaa pembeni, usinizibie mwanga."

Bibi alipiga magoti. Hakutafuta maandishi. Alitafuta vumbi. Vumbi la kawaida ukilipuliza linaruka. Vumbi la jikoni lina mafuta, linateleza chini ya kidole. Lakini palipomwagika kitu kitamu vumbi hushika, likajenga ngozi, na ngozi ile huiondoi kwa mdomo wala kwa brashi. Meza ngapi amezikwangua zenye ngozi hiyo? Akawa anachukua ubao, anapuliza, anaweka kulia. Anachukua, anapuliza, anaweka kulia. Jua likapanda. Mnunuzi wa mbao akafika na mizani yake, akaambiwa asubiri, akauliza bibi huyu ni nani, Sumaku akamjibu, "Nyamaza tu, kaka."

Ubao wa sabini na kitu haukupulizika.

Ulikuwa na doa upande mmoja, la kahawia, limetambaa kati ya vyuma vidogo kama ramani ya mto, na pembezoni mwa doa wamekauka sisimizi, wadogo, mstari mmoja, wengine vichwa bado vimeinama. Bibi alimpungia Sumaku mkono asogee.

"Mimi sisemi kitu. Tazama, useme wewe unaona nini."

Sumaku alikwangua kwa ukucha, akanusa, akakwangua tena. "Hii ni sukari, bibi. Mtu amemwagia chai humu ndani. Tena chai ya sukari nyingi, maana hawa wadudu wamefia mezani."

"Si maji?"

"Maji? Maji sisimizi wayafuate ya nini?"

Hapo bibi aliuvuta mtandio akajifunika uso, na Sumaku na mnunuzi wa mbao wakatazama majokofu kwa adabu. Alipofunua macho aliwasimulia yote, mpaka na ile karatasi ya sabuni, na hakuna aliyecheka.

"Chukua, bibi," Sumaku alisema. "Bure. Na bati lake chukua."

"Bure? Mimi ombaomba?"

"Basi nipe bei ya kilo."

"Bei ya kilo kwa kitu hiki? Una wazimu wewe! Ongeza!"

Yule mnunuzi wa mbao baadaye alisimulia kwamba hajapata kuona mnada kama ule, muuzaji anashuka, mnunuzi anapanda, na wote wawili wamekasirika.

Dereva, sasa mzee mstaafu naye, aliishi nyumba ya mkabala na ya bibi. Kila siku alasiri aliosha gari lake, gari ambalo halijasogea pale miaka sita na matairi yake yameota nyasi. Alimwona bibi anavuka barabara moja kwa moja, kitu amekikumbatia kifuani.

"Mama Maji! Umeokota mzoga mwingine?"

"Weka kitambaa chini, ufute mikono," bibi alisema. "Wewe ni msomaji. Nisomee hiki."

Dereva alicheka, kisha hakucheka. Aliugeuza ubao juani, akasogeza miwani. Namba kumi na nne bibi alikuwa ameikata na kipande cha bati lake, akamwekea juu ya boneti. Mzee akaisoma namba, akarudi kwenye doa.

"Vijiko vinne," alisema mwishowe. "Nilimwendesha miaka saba yule mhasibu. Kikombe kimoja, vijiko vinne. Nilikuwa namwambia, mkubwa, utaota meno ya pili."

"Na barua uliisoma."

"Niliisoma." Akaushika ubao kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. "Nilisoma kwa madaha, tena. Nikumbushe ilikuwa siku gani."

"Ya nini?"

"Niwatafute waliokuwepo chumba cha chakula, nao wauone. Wako hai watano. Mmoja yuko kwa mwanawe, lakini tutafika."

"Kwa gari hili?"

"Kwa miguu, mama. Usianze."

Jioni mkwe wake aliukagua ubao chini ya taa yake ya kazi. Naye mbele ya mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini bibi alimwona anavyousogeza karibu na macho. Mwisho akakohoa.

"Mama, huu haujafa. Nikiusafisha kwa spiriti na brashi, doa lote likatoka, upo uwezekano ukawaka. Shaba aliyotoa yule bwana wa uwanjani nitaifidia kwa ile mashine yako mbovu ya dirishani. Nianze leo?"

Binti yake aliacha kukunja nguo, akamtazama mama yake. Bibi naye akautazama ubao, na sisimizi wake, na ule mto wa kahawia. Kuuona ukiwaka alitaka. Alitaka sana, na sasa neno lile lilikuwa limeshamzoea mdomoni.

"Nataka uwake," alisema. "Lakini ningoje wiki mbili, baba. Kuna watu watano hawajauona."