Thobias na Mkwewe Kwenye Baraza la Velji

Thobias alitaka sehemu nzuri, tena nzuri haswa, maana mwaka ule wa tisini na nne hakuwa anajitafutia mwenyewe pa kuonea fashifashi za Diwali. Alikuwa na mama mkwe. Mama Salvina alikuwa amepanda basi kutoka Nyasubi, Kahama, kaja na binti yake na mjukuu wake Monika, na kilichomleta kilikuwa kimoja tu: aone kwa macho yake kama huyu mchimbaji ni mtu wa kurudishiwa mke. Salvina alikuwa kwao tangu masika. Alikuwa amechoka kuolewa na mwanamume anayeshinda mashimoni huko Geita, nyumbani kwake mjini, mtaa wa Kambarage, haonekani.

Sasa, mtu mwenye akili zake angechinja kuku, akakaa kimya. Thobias akaona awatoe watu kwenda kuangalia fashifashi. Kiherehere hicho!

Na mkwe wa Kisukuma si mtu wa kutembea naye ovyo. Hupeani naye mkono, huli naye sahani moja, kumtazama usoni ni utovu wa adabu, na ukimwona njiani unapinda. Kwa hiyo jioni ile Thobias alitangulia mbele, wanawake nyuma, akitafuta mahali ambapo mkwe ataona vizuri bila yeye kumsogelea.

Getini pa hekalu la Wahindi watu walishabanana bega kwa bega. Mkwe aje asukumwe hadi kifuani pa Thobias mbele ya umati? Mungu apishe mbali! Akaliona lori la pamba limeegeshwa, vijana wamekaa juu. Pazuri, lakini mkwe apande lori, yeye abaki chini anaangalia juu? Akapita haraka kama mwizi.

Ndipo akakumbuka duka la Velji, mfanyabiashara ambaye Thobias alimbebea magunia ya chumvi kabla ya kuingiwa na wazimu wa dhahabu. Duka lilitazamana na hekalu, baraza lake pana, limeinuka, na chini yake palikuwa na mtaro mkavu wa maji ya mvua. Vasanti, mke wa Velji, alikuwa anapanga vitaa vya mafuta mlangoni.

"Karibu, Thobias! Lete mama juu aone," alisema, kisha akavuka barabara kuungana na wenzake hekaluni.

Thobias akapanga watu wake: mkwe mwisho wa kulia, Salvina na mtoto katikati, yeye mwisho wa kushoto. Akajipongeza moyoni. Alimsikia mkwe akimwambia binti yake, "Kumbe ana adabu huyu," na kichwa kikamvimba.

Hakikumvimba muda mrefu. Monika akabanwa na mkojo, Salvina akamshika mkono wakaenda nyuma ya duka. Watu nao wakazidi kupanda barazani, wakasukumana, na kabla Thobias hajajua afanye nini, mkwe alikuwa hapo pembeni yake. Akageuzia uso kwenye nguzo, akaomba Salvina arudi upesi.

Upande wa pili mtu akawasha utambi. Shiiii!

Wachimbaji wanaijua sauti hiyo. Utambi ukishika, mlipuaji anapiga kelele "Faya!" na mwenye miguu anakimbia. Aliyechelewa anajitupa chini na kujifunika na chochote mkono utakachokamata: karai, gunia, ubao. Thobias alishafanya hivyo mara nyingi, na mwili wake haukumwomba ruhusa. "Faya! Faya!" alibweka, mtaa mzima ukageuka. Akajitupa mtaroni, na mkono ukakamata kilichokuwa karibu. Ulikamata kitenge. Ndani ya kitenge alikuwemo Mama Salvina.

"Mayu wane!" mama wa watu alimlilia mama yake kwa Kisukuma.

Walifika chini, mkwe juu, Thobias chini yake. Hapo angemwachia, ingekuwa ajali. Hakumwachia! Mlipuko wa kwanza ulipopiga alimvuta zaidi, akaficha kichwa kwapani mwake. Wa pili alimng'ang'ania kwa mikono miwili. Ni pale aliposikia watu wakishangilia "Aaaah!" ndipo alipofumbua macho, akaona anga ni nyekundu na kijani. Fashifashi tu.

Kicheko kikalipuka kuliko baruti. "Njooni muone! Mkwe kamkumbatia mkwe!" "Mchimbaji huyo, anafukia mali!" Thobias alibaki amelala mtaroni, uso ukimwaka kwa aibu. Alijua mke ndiyo basi tena.

Mama Salvina akainuka. Akafunga kitenge upya, akakung'uta vumbi, akawatazama wale wacheshi mmoja mmoja.

"Mnachekelea nini? Kile kimoto kilichopita chini chini kikagonga bati, hamkukiona? Mkwe wangu kakiona kabla yenu. Kanivuta nisiungue, na mwili wake kautanguliza chini nisije nikaumia. Haya, cheka tena nikusikie."

Kimoto kilikuwa kimegonga bati kweli, ila bati la duka la tatu. Hakuna aliyebisha. Wakaanza kumpa pole, wengine wakamnyanyua. Salvina aliporudi akasimuliwa na midomo kumi kwa wakati mmoja. Alimshika mumewe mkono, machozi yakimlenga. Thobias angeweza kusema ukweli. Akala ile sifa, na kila mara Salvina alipomtazama alitamani arudi mtaroni.

Asubuhi alibeba mzigo wa mkwe hadi stendi. Salvina alikwenda kumnunulia mama yake mkate wa safari. Mama Salvina alisimama amempa mgongo mkwewe, anaangalia basi.

"Baba Monika."

"Naam, mama."

"Jana nilimsitiri binti yangu, si wewe. Unajua nani alikuwa juu na nani alikuwa chini."

"Ndiyo, mama," alisema Thobias, na sauti ilitoka ndogo.

"Salvina anabaki," alisema Mama Salvina, bado hajageuka. "Lakini siku ikilipuka kweli, juu uwe wewe."